Tahadhari ilifika, watu hawakutoka: kimbunga Chido nilivyokiona Mayotte

Kila nikizungumza na ndugu zangu wa Unguja habari za Chido, swali la kwanza ni lile lile: "Kwani hamkuambiwa?" Tuliambiwa. Tuliambiwa mapema, tukaambiwa tena na tena, redioni, kwenye televisheni, kwa ujumbe wa simu na kwa vipaza sauti mitaani. Kimbunga kilipoingia Mayotte, kisiwa cha Ufaransa jirani na Komoro, asubuhi ya Jumamosi, tarehe 14 Disemba 2024, wengi wa waliokuwa kwenye vibanda vya mabati walikuwa wanajua kwamba kinakuja. Walijua, wakabaki pale pale, na kila mmoja alikuwa na sababu yake. Sababu hizo ndizo zinazonifanya niandike. Mei ya mwaka ule ule kimbunga Hidaya kilifika Mafia, na tangu hapo ninayoyasikia kutoka nyumbani ni habari za satelaiti na utabiri. Utabiri ni jambo kubwa, lakini nimeona kwa macho yangu mahali unapokomea.

Mimi ni mzaliwa wa Unguja, nimeolewa Mayotte, tunaishi M'Tsapéré, mtaa wa Mamoudzou. Nauza kanga na vitambaa vya saluva, vazi la wanawake wa huku. Mume wangu ni Mmaore, yaani mwenyeji wa hapa, seremala wa mapaa. Nyumba yetu ni ya matofali, chini ina dari ya zege, juu kuna vyumba viwili vilivyoezekwa bati. Nyuma yetu ni mlima, na mlima wote hadi kileleni ulikuwa umejaa vibanda ambavyo huku huitwa banga: nguzo za miti, mabati ubavuni, mabati juu. Takriban theluthi moja ya wakazi wa kisiwa hiki walikuwa wakiishi kwenye nyumba za namna hiyo.

Chido kilianza mbali, katikati ya Bahari ya Hindi, kusini ya Ikweta. Kilipewa jina tarehe 9 Disemba, kikiwa bado dhoruba ya kawaida. Siku mbili baadaye, tarehe 11, kilipita Agaléga, visiwa viwili vidogo vya Mauritius vyenye wakazi wapatao 300, kikabomoa nyumba zao. Ndani ya siku mbili dhoruba ilikuwa imegeuka kimbunga kikali. Kinachokipa nguvu ni maji ya moto. Bahari ikizidi nyuzi 26 au 27 na joto hilo likashuka chini kwa kina, hewa yenye mvuke hupanda, mvuke hugeuka mvua, na joto linalotoka hapo huivuta hewa nyingine kutoka pembeni. Hewa hiyo haiji moja kwa moja, huzunguka kwa sababu dunia inazunguka, na huku kusini huzunguka kufuata mshale wa saa. Karibu sana na Ikweta mzunguko huo hauna nguvu, ndiyo maana sisi wa Unguja tumekua tukiambiwa kwamba vimbunga ni vya Madagaska na Mauritius. Lakini Unguja si kwamba haijaonja. Tarehe 15 Aprili 1872, zama za Sayyid Barghash, upepo uliangusha mikarafuu ya Unguja na kuvunja vyombo bandarini, na tangu hapo Pemba, iliyosalimika, ikawa ndiyo nchi ya karafuu. Hadithi hiyo niliipata kwa bibi yangu nikiwa mdogo, naye alihadithiwa na wakubwa zake.

Siku zile tulikuwa tunaangalia ramani kwenye simu. Wataalamu walitarajia huenda milima ya ncha ya kaskazini ya Madagaska ingekipunguza nguvu. Kikapita kaskazini ya ncha hiyo, majini, kikaja kwetu. Kilikuwa kimbunga kidogo kwa upana, na watu wengi walichukulia udogo huo kama nafuu. Kimbunga chembamba kina upepo wake mkali umejikusanya karibu na jicho, yaani kitovu chake. Asiyepitiwa na jicho huenda asione kitu kikubwa, anayepitiwa hupata yote kwa saa chache. Jicho la Chido lilipita kaskazini ya kisiwa chetu.

Sasa kwa nini watu hawakutoka?

Sababu ya kwanza ni ya kawaida, nayo ni mazoea. Mwaka 2019 tuliambiwa Kenneth inakuja, ikaenda kupiga Ngazidja ya Komoro na Cabo Delgado ya Msumbiji, sisi tukapona. Disemba ya mwaka huo huo tukaambiwa Belna, tahadhari ikafika nyekundu, tukajifungia ndani, ikapita pembeni. Wazee waliokiona Kamisy mwaka 1984 walikuwa wanasema msichezee, lakini nusu ya watu wa kisiwa hiki ni vijana na watoto. Wao walikuwa hawajawahi kuona upepo wa kung'oa nyumba.

Sababu ya pili ndiyo iliyoniumiza zaidi. Mayotte ilibaki na Ufaransa pale visiwa vingine vya Komoro vilipojitangazia uhuru mwaka 1975. Kutoka Nzuwani, kimoja cha visiwa hivyo, hadi hapa ni bahari ya kilomita 70 hivi, na watu wa pande mbili hizi ni ndugu wa damu. Tangu 1995 kuna viza kati yao. Wasioipata hupanda mashua ndogo za kwasa-kwasa usiku, na wengi wamefia njiani. Anayefika huishi bila karatasi, na wanaorudishwa kutoka hapa kwa mwaka hupita 20,000. Mtu wa namna hiyo, ukimwambia kwa kipaza sauti cha serikali, "Njoo shuleni, kuna makazi ya dharura," anasikia jambo jingine kabisa.

Ijumaa jioni nilipanda mlimani kwa jirani yetu, mama kijana wa Kinzuwani mwenye watoto watatu na mkwe wake, bibi kizee ambaye mtaa mzima tunamwita Koko. Mbingu ilikuwa imetulia, hakuna hata jani lililotikisika, joto la kukatisha pumzi.

"Mdogo wangu, teremka na watoto," nilimwambia. "Chini kwetu kuna zege."

"Na baba watoto je, dada?"

"Naye ashuke."

"Akishuka, usiku huu huu mabati yatang'olewa na friji litaondoka."

"Basi nendeni shuleni, pale pana nafasi na pana ukuta."

Akanitazama kidogo. "Shuleni wataandika majina, dada."

Sikuwa na la kumjibu. Si kwamba nilijua wataandika. Hata wenyewe wa shule sidhani kama walikusudia hivyo. Lakini kwake yeye mlango wenye mtu wa serikali ni mlango wa kituo cha polisi, na maisha yake yote ya Mayotte yalikuwa yamemfundisha hivyo. Alikubali kushuka na watoto na Koko kwa sababu mimi ni mtu anayenifahamu, nampimia kitambaa, watoto wetu wanasoma chuo kimoja cha Kurani. Mumewe alibaki kulinda.

Sababu ya tatu ni lugha, nayo inahusu kundi ambalo watu wa nyumbani hawalijui. Hapa Mayotte wapo Wakongo, Warundi na Wanyarwanda walioomba hifadhi, na lugha inayowakusanya ni Kiswahili. Mapema mwaka 2024 kambi yao iliyokuwa uwanja wa mpira wa Cavani ilivunjwa, na waliobaki walitawanyika kwenye maturubai kandokando ya barabara na mito. Tahadhari zilikuwa kwa Kifaransa na kwa lugha mbili za wenyeji, Kimaore na Kibushi. Wao Kifaransa wengine wanakijua, wengine hawakijui, na mtu aliyezaliwa kando ya Ziwa Kivu hajui kimbunga ni kitu gani. Mteja wangu mmoja, mama wa Bukavu, alinitumia ujumbe wa sauti: "Dada, banasema mvua kubwa itakuja, ni kweli?" Nikarekodi ujumbe wa Kiswahili, nikaeleza polepole: si mvua, ni upepo. Bati litaruka na kukata. Turubai halitabaki. Msikae kandokando ya mto. Ingieni msikitini, kanisani, shuleni, popote penye ukuta wa tofali, kabla ya saa nne usiku. Nikausambaza, nao wakausambaza. Baadaye watu nisiowajua walikuja dukani wakaniambia, "Wewe ndiye mwenye ile sauti." Serikali ilituma maelfu ya ujumbe, na nasema bila kubeza kwamba ilifanya kazi yake. Lakini hawa walitoka kwa sababu waliisikia sauti ya mama wa sokoni, kwa lugha wanayogombana na kutaniana nayo kila siku.

Saa nne usiku tahadhari ikawa nyekundu. Saa moja asubuhi ikawa ya zambarau, na maana yake ni kwamba hata zimamoto na askari wanajifungia, hakuna wa kumfuata yeyote.

Upepo ulianza kutoka kusini, ukawa unakuja kwa vishindo na kuachia. Kisha ukageuka ukatoka mashariki, baharini, na hapo haukuachia tena. Sauti yake haikuwa ya kuvuma, ilikuwa ya injini kubwa iliyowekwa chumba cha pili. Mlango wetu wa mbele unaelekea baharini. Tuliuegemezea kabati, na mume wangu na kijana wetu wakalisukuma kabati kwa migongo huku miguu imekanyaga ukuta wa pili wa ukumbi, maana ukumbi ni mwembamba. Niliona ubao wa mlango unajipinda kuja ndani kama unapumua. Maji yalikuwa yanapita kwenye tundu la ufunguo, yanarusha mstari mwembamba hadi ukuta wa nyuma. Watoto tuliwaweka chini ya ngazi ya zege pamoja na Koko, ambaye alikuwa anasoma Yasini kwa sauti ya kawaida tu, wala hakuipandisha.

Juu tulisikia dirisha la mashariki likivunjika. Mume wangu akasema, "Paa hilo limekwenda," na kabla hajamaliza likaenda. Ndivyo paa linavyotoka, alinieleza baadaye. Upepo unaopita juu yake hulivuta kwenda juu, na ukishapata tundu la kuingilia hulisukuma kutoka chini, na msumari hauwezi kuzuia nguvu mbili. Uwanja wa ndege wa Pamandzi, ng'ambo ya maji mbele yetu, ulipima upepo wa kilomita 226 kwa saa.

Mwisho upepo uligeuka tena ukatoka kaskazini, na hapo tukajua kitovu kimeshapita. Adhuhuri tulifungua mlango.

Kitu cha kwanza nilichokiona ni kwamba naona mbali. Mlima nyuma yetu ulikuwa umejaa miembe, mishelisheli, migomba na minazi, na vibanda katikati yake. Sasa ulikuwa udongo mwekundu na vigogo. Majani yalikuwa yamenyonyolewa hata kwenye miti iliyosimama. Kibanda hata kimoja hakikuwa na umbo. Kisiwa kizima, kila ulikotazama, kilikuwa rangi ya kahawia kama kimepitiwa na moto, na siku zilizofuata jua lilituchoma bila kivuli. Komba walishuka kutoka porini wakawa wanaokota maganda kwenye vizingiti vya watu.

Mume wa jirani tulimkuta kwenye mtaro wa zege ulioko kandokando ya njia ya kupandia. Kibanda kilipoanza kufunguka alitambaa hadi hapo akalala kifudifudi, na mtaro ndio uliomwokoa. Lakini bati lilimpitia paja. Wanaume walimbeba kwenye mlango uliong'oka. Muuguzi wa mtaani kwetu, ambaye naye nyumba yake haikuwa na paa, alimfunga kwa kitambaa cha saluva kipya kutoka dukani kwangu na akasema aende hospitali. Hakwenda. Hospitali kuu nayo ilikuwa imeharibika na imejaa, lakini hilo silo lililomzuia. Aliogopa njiani ataulizwa karatasi. Mguu ukavimba, ukaanza kunuka. Ilipofunguliwa hospitali ya muda ya mahema, pale pale uwanja wa Cavani, bado alikuwa anasema kesho. Aliyemtoa ni Koko. Alimwambia, "Karatasi utapata siku moja, mwanangu. Mguu hauuzwi sokoni." Walimtibu, hakuna aliyemuuliza chochote. Mguu umebaki, anachechemea.

Hesabu rasmi ya waliokufa Mayotte iliishia 40, na wengine 41 wakaandikwa hawajulikani walipo. Siku za mwanzo mwakilishi wa serikali ya Ufaransa kisiwani (préfet) alisema hadharani kwamba anahofia mamia, pengine elfu, na maneno hayo yalizunguka dunia nzima. Watu huniuliza nani mkweli. Ninachoweza kusema ni kwamba sisi Waislamu maiti hatulazi. Waliofariki milimani walioshwa kwa maji ya mvua na kuzikwa siku hiyo hiyo na waliokuwa karibu. Aliyezika bila karatasi mtu asiye na karatasi haendi kuandikisha kifo. Ile hofu iliyowaweka watu ndani ya vibanda Ijumaa usiku ndiyo iliyowaacha wengine nje ya daftari. Jirani zangu wapo ambao majina yao hayamo kwenye hesabu yoyote, na mimi nawajua, na nawaombea kila Alhamisi.

Chido kilivuka hadi Msumbiji, kikaingia Mecúfi, kusini ya mji wa Pemba wa huko, tarehe 15, na huko watu 120 wakafa. Malawi nao walipoteza watu.

Maji na simu nitayapitia haraka, kwa sababu kila aliyepitia janga anayajua. Mtandao ulikatika, ndugu wa Réunion, Marseille na Unguja walikuwa wakilia bila kujua tu hai. Maji ya bomba, ambayo tangu mgao wa mwaka 2023 tulishazoea kuyangoja, yalikwisha kabisa. Usiku kukawa na amri ya kutotoka, saa nne hadi saa kumi alfajiri. Tarehe 12 Januari 2025, watu wangali chini ya maturubai, kimbunga kingine, Dikeledi, kikapita kusini yetu na mafuriko. Safari hii waliokwenda shuleni walikuwa wengi. Jirani yetu alikwenda, kwa miguu yake, na majina hayakuandikwa.

Juu ya ujenzi nitasema kidogo zaidi, kwa kuwa ndani ya nyumba yetu hayo ndiyo mazungumzo ya kila siku. Vibanda vilirudi haraka mno, siku za mwanzo kabisa, kwa mabati yale yale yaliyokunjamana, yaliyonyooshwa kwa nyundo. Mamlaka ikaweka sharti kwamba anayenunua bati dukani aonyeshe kitambulisho na uthibitisho wa makazi. Naelewa walichokitaka. Lakini matokeo yake niliyaona mlimani kwetu: watu walijenga kwa mabati yenye matundu na kingo zilizochanika, ambayo ni mabaya zaidi yakiruka. Mume wangu hana mamlaka ya kumzuia mtu kujenga, kwa hiyo aliamua kuwafundisha. Upande mmoja wa paa letu ulibaki, nao ni ule aliofunga mwenyewe: kenchi zimepitishiwa nondo iliyotoka ndani ya zege la ukuta, nondo ikakunjwa juu ya boriti. Upande uliokwenda ulijengwa na mwenye nyumba wa zamani kwa misumari mitupu. Sasa huwapeleka vijana juu, akawaonyesha pande mbili hizo kwa mkono. Huwaambia wafunge kila kiungo kwa waya wa kufungia nondo hata kama nguzo ni ya mti, waweke misumari karibu karibu pembezoni mwa bati kwa kuwa upepo huanza kunyanyua pembeni, na wasitoe upenu mrefu wa bati mbele ya nyumba, maana huo ndio mkono ambao upepo huushika. Hakuna kibanda kitakachostahimili kilomita 226. Kinachotafutwa ni muda zaidi, na mabati machache angani.

Hofu ya wizi tumeishughulikia wenyewe. Wenye nyumba za zege mtaani tumekubaliana kwamba tahadhari ikifika rangi ya machungwa, ile inayotangulia nyekundu, tunafungua vyumba vya chini, watu wa mlimani wanaleta friji, televisheni, mitungi ya gesi na nyaraka, vinaandikwa alama kwa rangi, na wanaume hawana tena cha kulinda. Kila nyumba ya zege ina familia zake inazozifuata kwa miguu, kwa majina ya mtaani. Mimi nina saba. Ujumbe wa Kiswahili bado naurekodi, na yule mama wa Bukavu sasa anaurekodi kwa Kiswahili chao wenyewe, ambacho kinawaingia vizuri zaidi kuliko changu.

Lililobaki ni la majina. Kamati ya msikiti ilikwenda kumwona mkuu wa shule, ikaomba kwamba siku ya kimbunga watu wahesabiwe kwa vichwa, wasiulizwe jina wala karatasi, na askari wasikae mlangoni. Alikubali kwa mdomo, na ni mtu mwema, namwamini. Lakini walimu wakuu huhamishwa. Tumeomba iandikwe kwa barua, ibandikwe kwenye lango kabla ya Novemba, msimu wa vimbunga unapoanza, kwa Kifaransa, Kimaore, Kibushi na Kiswahili. Karatasi ya Kiswahili nimeshaiandika, ipo dukani. Barua bado hatujajibiwa, na Jumatatu tunakwenda tena.